"Havionekani" Si "Umepona"

Hapa kliniki kwetu Tanga, kila mara namwona mtu niliyempa majibu mazuri mwaka jana, leo karudi kakonda, anakohoa. Nikiuliza dawa za virusi vya Ukimwi, naambiwa: "Sista, si ulisema virusi havionekani?"

Kipimo cha wingi wa virusi kinapima nini?
Kinapima RNA, yaani maelekezo ambayo kila kirusi cha Ukimwi hubeba ndani yake. Ni kidogo mno, hivyo maabara huigeuza RNA hiyo kuwa DNA, kisha huizidisha kwa njia ya PCR mpaka ihesabike. Majibu ni idadi ya nakala za RNA katika mililita moja ya damu.

Kama havionekani, si nimepona?
Hapana. Hujapona. Kipimo huona virusi vinavyoelea kwenye damu. Vingine vimejichimbia ndani ya seli za CD4, yaani seli za kinga ya mwili, vimelala, havimwagi RNA damuni, basi mashine itavionaje? Dawa ndiyo imevibana. Ukiiacha, wiki chache tu vimejaa tena. Kwa anayemeza kila siku, majibu hayo ni neema kubwa: hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Akiacha, kinga hiyo inaondoka.

Nimeacha miezi miwili na ni mzima kabisa.
Hujapona! Virusi hupanda kwanza, ugonjwa hufuata. Unasubiri nini, kifua kikuu? Njoo leo, usingoje tarehe ya kliniki. Hakuna atakayekufokea.

Mbona kipimo cha kidole bado kinasema ninao?
Kile hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nazo hubaki hata virusi vikifubazwa.

Naenda dago, kambi ya uvuvi, wiki tatu. Na Ramadhani je?
Wavuvi wangu, semeni kabla ya kung'oa nanga, mtapewa dawa za kutosha. Kuacha chupa nyumbani eti wenzio wasiione ni kujiumiza. Hamishia dawa kwenye kichupa kingine kikavu chenye mfuniko. Ukifunga, kidonge cha mara moja kwa siku kinamezwa baada ya futari, saa ileile kila usiku.

Nipime lini?
Miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha mwezi wa 12, halafu kila mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha hupimwa mara nyingi zaidi.

Zikiniishia, niazime kwa shoga yangu?
Hapana. Huenda dawa zake si zako, na kila unachochukua kinapungua kwenye chupa yake. Njoo uchukue zako.