Nguvu za bondia zinaanzia kwenye kisigino

Bondia wa kulipwa ana nguvu kiasi gani kuliko mtu wa kawaida? Inategemea unapima nini. Mpe bondia wa kilo 60 chuma cha kunyanyua, na huenda akashindwa na mtu wa uzito uleule ambaye kazi yake ni kunyanyua vyuma. Mshiko wa kiganja chake nao haupishani sana na wa fundi anayeshika nyundo kutwa nzima. Pengo linaonekana konde linapotua.

Vipimo vilivyofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2000 vilitumia kifaa kinachosoma uzito wa konde. Konde la kunyooka la mkono wa nyuma, kwa mabondia wa kiwango cha juu, lilikuwa na wastani wa nyutoni 4,800 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Wa kiwango cha kati walifika 3,722, na wanaoanza 2,381. Nyutoni 4,800 ni kama uzito wa kilo 490 hivi, ila kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa hiyo bondia aliyeiva anapiga mara mbili ya anayeanza, na huyo anayeanza tayari amekwishafundishwa namna ya kusimama na kukunja ngumi.

Mwaka 1985 zilichapishwa namba za Frank Bruno, bondia wa kulipwa wa uzito wa juu: ngumi yake ilikwenda mita 8.9 kwa sekunde na kutua kwa nyutoni 4,096. Msomaji asishangae kwamba ni chini ya ule wastani wa 4,800. Ugumu wa kifaa, aina ya glovu na namna ya kupima hubadilisha jibu, hivyo namba za vifaa viwili tofauti hazishindanishwi. Zile mashine za kupiga ngumi kwenye viwanja vya burudani ndizo za kuaminiwa kidogo kuliko zote.

Mara mbili hiyo inatoka wapi, kama misuli ya mkono haipishani kiasi hicho? Utafiti wa Kisovieti wa mwaka 1985, uliochunguza mabondia 120, uligawa konde kwa viungo. Kwa mabondia waliobobea, miguu ilichangia karibu asilimia 38, kiwiliwili asilimia 37, na mkono asilimia 24 tu. Kwa wanaoanza, miguu ilichangia asilimia 16 hivi na mkono ukabeba karibu 38. Anayeanza anasukuma kwa bega. Aliyebobea anaisukuma sakafu.

Tazama konde la mkono wa nyuma kwa ukaribu. Kisigino cha mguu wa nyuma kinanyanyuka na vidole vinasukuma chini. Nyonga inageuka kabla ya bega, bega linaifuata, na mkono unatoka mwisho ukiwa umelegea. Ngumi inakazwa pale tu inapogusa, na mwili wote unakakamaa nayo kwa kitambo hicho kifupi ili uzito wa kiwiliwili uwe nyuma ya ngumi. Mtu asiyefundishwa hukaza mkono tangu mwanzo kwa kudhani ndiyo nguvu. Msuli wa mbele wa mkono ukikazwa mapema unavuta kiwiko kikunjike, basi mkono unajifunga breki wenyewe. Mguu wake wa nyuma nao umelala bapa, nyonga haigeuki, na konde linabaki la mkono mtupu. Kosa jingine ni kurusha makonde hewani ukiwa umeshika vyuma vizito: uzito unavuta chini wakati konde linakwenda mbele, na kinachoumia ni bega.

Ngumi itue kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Ikitua kwa upande wa kidole cha mwisho, mfupa mwembamba wa kiganja ulio chini ya kidole hicho huvunjika karibu na kifundo cha kidole. Mvunjiko huu umepewa jina la mabondia, na kwa kweli wanasingiziwa: mara nyingi ni wa watu waliopiga ukuta au mlango kwa hasira.

Kisha kuna pumzi, na hapa ndipo mtu wa kawaida anapoachwa mbali zaidi. Pambano la ubingwa la wanaume ni raundi 12 za dakika tatu, na mapumziko ya dakika moja. Bondia aliyejiandaa kwa kawaida hutumia mililita 50 hadi 65 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika anapofika kikomo chake; kijana asiyefanya mazoezi huwa kwenye 35 hadi 45. Mwambie apige begi kwa nguvu zote, na mara nyingi kabla ya dakika moja kuisha mikono imeshuka kiunoni.

Shingo yenye nguvu humsaidia bondia, hasa konde analoliona linakuja, kwa sababu kichwa hakitupwi kwa kasi ileile. Tumbo nalo linakazika. Ubongo haukaziki: hakuna zoezi la kuuzoesha kupigwa, na makonde ya miaka mingi yanajumlishana.

Mtu wa kawaida asidhani basi kwamba ngumi yake haina madhara. Nguvu ya anayeanza tu inatosha kumwangusha mtu, na vifo vingi vya ngumi moja hutokana na kichwa kugonga sakafu au lami. Aliyepigwa kichwani akizimia hata kidogo, akatapika, akasinzia kupita kawaida, akachanganyikiwa, akatokwa na damu au majimaji masikioni, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Asiachwe alale mpaka asubuhi ili apate nafuu: damu inaweza kuendelea kuvujia ndani ya fuvu kwa saa kadhaa huku kwa nje akionekana mzima.