Ufuatiliaji wa maendeleo ya mtoto: muuguzi wa kliniki hufundishwa nini hasa?

Mtoto akifika kliniki hupimwa uzito, uzito ukaandikwa kwenye kadi, akachomwa chanjo yake, akarudi nyumbani. Kazi hiyo ni ya lazima, ila inaeleza mwili peke yake. Mstari wa uzito unaweza kupanda vizuri kabisa ilhali mtoto hasikii, au hamtazami mama yake usoni, au mkono wake mmoja hautumiki kama mwingine. Ufuatiliaji wa maendeleo ya awali ni kuangalia, kila mtoto anapoletwa, jinsi anavyozidi kutumia mwili na mikono yake, anavyowasiliana, anavyoelewa mambo na anavyohusiana na watu wake.

Ufuatiliaji si sawa na uchunguzi, ambao hutumia kipimo maalumu chenye alama, katika umri uliopangwa. Wala si kutaja ugonjwa, ambako ni kazi ya daktari au mtaalamu. Hili lisemwe siku ya kwanza ya mafunzo. Muuguzi akidhani anatakiwa kutamka kwamba mtoto ana usonji au utindio wa ubongo, ataogopa hata kuuliza. Kazi yake ni kuona, kusikiliza, kuandika na kujua lini ampeleke mtoto mbele.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ndiye anayewaona karibu watoto wote, tena mara nyingi katika mwaka wa kwanza, kwa ajili ya chanjo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la tiba la The Lancet yalionyesha kuwa watoto milioni 250 wa chini ya miaka 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani asilimia 43, wako hatarini kutofikia uwezo wao wa maendeleo. Kwa idadi hiyo, hakuna nchi inayoweza kuwategemea mabingwa peke yao.

Sehemu ya kwanza ya mafunzo ni hatua za ukuaji, na hapa kuna mengi ya kusahihisha. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba mtoto wa mwaka mmoja lazima awe anatembea. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Kukaa bila kushikwa kulianzia karibu miezi 4 hadi zaidi kidogo ya 9. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata kidogo, na bado walitembea. Muuguzi asiyejua upana huo atamtia hofu mama ambaye mtoto wake hana tatizo, au atamtuliza yule ambaye wa kwake tayari amevuka mpaka.

Mtoto njiti ana hesabu yake. Aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, akitimiza miezi 6 atazamwe kama mtoto wa miezi 4 hivi, na hesabu hiyo hutumika hadi afikishe miaka 2.

Zipo pia dalili zisizosubiri. Mtoto aliyekuwa akisema maneno au akikaa, kisha akaacha, apewe rufaa mara moja, awe na umri wowote. Anayependelea mkono mmoja kabla ya mwaka aangaliwe, kwani huenda ule mwingine una udhaifu. Anayechelewa kusema apimwe masikio. Kuambiwa "subiri, wa kiume huchelewa" kumewapotezea watoto wengi miaka ambayo ubongo wao ulikuwa mwepesi zaidi kujifunza, na kosa hilo linaumiza kwa sababu lilizuilika.

Lakini kujua miezi kwa moyo hakutoshi. Kiini cha mafunzo, kwa maoni yangu, ni namna ya kuuliza. Ukimuuliza mama aliye kwenye foleni ndefu, "Anasikia? Anacheza?", atajibu ndiyo ili amalize aende. Muuguzi hufundishwa kusema, "Hebu nieleze, akitaka kitu anakuonyeshaje?" Hapo mama anasimulia: huninyooshea mikono, huonyesha kwa kidole, hulia tu. Simulizi hiyo humweleza muuguzi mengi kuliko ndiyo kumi. Ndivyo ulivyojengwa mwongozo wa ufuatiliaji ulioanzishwa Uturuki na daktari wa watoto Ilgi Ertem na wenzake: maswali ya wazi kwa mzazi, la kwanza likiwa kama kuna jambo linalomtia wasiwasi kuhusu mtoto wake. Wasiwasi wa mzazi ni ushahidi, na usipuuzwe.

Stadi hii haipatikani kwa kukaa darasani na kunakili. Muuguzi anahitaji kumsikia mwenzake aliyebobea akiuliza, kisha yeye aulize mbele ya mtoto na mama halisi, asahihishwe papo hapo, na msimamizi arudi kumtembelea kituoni baada ya miezi kadhaa. Bila usimamizi huo, fomu zitaanza kujazwa alama za vema bila mtoto kutazamwa.

Swali likishaulizwa, jibu lake linadai hatua. Kwa watoto wengi hatua hiyo ni ushauri wa dakika chache: zungumza naye unapomnyonyesha, mjibu anapotoa sauti, mpe kikombe na kifuniko ajaribu kuvifunika. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwaka 2012 mafunzo ya kuwaongoza wahudumu kutoa ushauri wa namna hii. Mama mwenyewe naye aulizwe anaendeleaje, kwa kuwa mama mwenye sonona hupata shida kuitikia ishara za mtoto. Kwa wachache wanaohitaji rufaa, muuguzi awe na jina la kituo, siku ya huduma na njia ya kujua kama walifika, wasipofika, awatafute. Wakati wakisubiri mtaalamu, mazoezi ya kucheza na kuzungumza na mtoto yaanze siku hiyo hiyo.