Muwa ukikatwa haufi

Wengi wanaopita mashamba ya Kilombero, Morogoro, wakati wa mavuno hudhani kila muwa ukikatwa lazima upandwe mwingine. Sivyo. Muwa ni jamii ya nyasi, ndugu wa mahindi na mtama. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye macho. Ukivunwa, kisiki kilichobaki ardhini huchipua tena, na baada ya takriban miezi 12 unavuna upya. Ndiyo maana inasikitisha kuona mtu akikata juu juu. Panga lishuke hadi usawa wa ardhi: sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi, na chipukizi litokalo udongoni hujiotea mizizi yake imara. Mavuno yakishapungua sana baada ya miaka kadhaa, hapo ndipo visiki hung'olewa.