Mtoto kukosea sauti ya wimbo darasa la pili haimaanishi hana muziki

Ile mesej ya kwamba mtoto akifika miaka 7 hajaweza kuimba basi muziki haumo damuni, msimpotezee wakati, imerudi tena kwenye magrupu ya wazazi hapa Lamu, na jamani si kweli.

Watoto wengi wakianza shule wanashika maneno ya wimbo kwanza, wanajua sauti inapanda wapi na inashuka wapi, lakini kuipata noti yenyewe, yaani ile sauti kamili ya wimbo, sawasawa kunakuja polepole, kwa wengine mpaka darasa la nne au la tano, na kunakuja kwa kuimba sio kwa kungojea. Kufuata mdundo nako hivyo hivyo, mtazame yule mdogo wa mwisho kwenye safu ya Maulidi, tari lake linachelewa kidogo nyuma ya wenzake, mpe mwaka mmoja miwili.

Watu wanachanganya kwa sababu kuna uwezo mmoja adimu, wa kuitaja noti kwa kuisikia tu, huo kweli unahusiana na kuanza mapema, sasa wameufanya ndio muziki wote. Halafu mtu mzima anaanzisha kasida kwa sauti nene, mtoto hafiki kule chini, anaambiwa hajui!

Hakikisha mwenyewe: mwimbie kipande kifupi kwa sauti nyembamba kama yake, airudie, rekodi kwa simu, imbeni pamoja kila siku, baada ya miezi kadhaa rekodi tena ulinganishe.

Hiyo mesej ikikufikia tafadhali usiifowadi, na aliyeituma mweleze kwa upole.