Kisasi cha samurai kilikuwa na daftari lake

Kwenye filamu fupi za mapigano, baba anauawa, mwana anachomoa upanga, shughuli inaanza. Japani ya enzi za Edo (1603–1868) haikuwa hivyo. Samurai aliyetaka kumlipizia baba au kaka yake mkubwa aliomba kwanza ruhusa kwa bwana wake, na jina lake likaandikwa kwenye daftari la serikali. Ndiyo, kisasi kwa kibali. Akiuawa mtoto au mdogo wake, kwa kawaida hakuruhusiwa. Na muuaji akishauawa kwa kisasi, ndugu zake hawakuwa na haki ya kulipiza tena.

Wale ronini (samurai wasio na bwana) wa eneo la Ako waliomkata kichwa Kira, ofisa waliyemlaumu kwa kifo cha bwana wao, mwaka 1703 hawakuomba ruhusa. 46 kati yao waliamriwa kujipasua tumbo. Mwaka 1873 serikali ya Meiji, iliyokuja baada ya enzi za Edo, ikapiga marufuku kisasi chenyewe.