Kuacha Kazi kwa Sababu ya Ndugu wa Bosi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Niliacha kazi ya kutunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma nikiwa na miaka minne kazini, miezi miwili baada ya shemeji wa tajiri, aliyefika juzi tu, kufanywa msimamizi wangu na kukabidhiwa funguo nilizokuwa nikizishika mimi. Tangu Serikali ihamie hapa, ujenzi umeongezeka na maduka ya namna hiyo yameongezeka nao, mengi yakiwa ya familia, na malalamiko ya undugunaizesheni nayasikia Majengo, Nkuhungu na Kisasa. Kinachoniuma ni kuona watu waliodhulumiwa kweli wakipoteza haki zao kwa sababu ya mambo waliyoambiwa vijiweni.

Dhana: Kuajiri ndugu ni kuvunja sheria.

Katika biashara ya mtu binafsi si hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi na kutaja misingi yake, ikiwamo kabila au mahali mtu alipotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na umri. Kutokuwa ndugu wa mwajiri hakumo katika orodha hiyo. Tajiri anayemweka mpwa wake kaunta hajatenda kosa kwa hilo peke yake. Lakini wafanyakazi wakiambiwa waziwazi kwamba nafasi fulani si za watu wa kabila lao, hapo msingi uliotajwa na sheria umeguswa. Serikalini mambo ni tofauti, kwa kuwa ajira za utumishi wa umma zinatakiwa kujazwa kwa ushindani, na mtumishi anayetumia cheo chake kumnufaisha ndugu yake kinyume cha sheria anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka.

Dhana: Ukishaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi, huwezi tena kulalamika popote.

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Sheria inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pia pale mwajiri anapoyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hata mfanyakazi akaondoka kwa mkono wake mwenyewe. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki, ila kwa sharti kwamba awe ametumia kwanza njia zilizopo za kuwasilisha malalamiko, isipokuwa kama alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Anayetakiwa kuthibitisha kwamba alilazimika kuondoka ni mfanyakazi mwenyewe.

Sharti hilo lilikuwa liniangushe na mimi. Nilikuwa nimelalamika mara nyingi, lakini kwa mdomo, tukiwa tunapakia saruji. Mjomba wangu, aliyewahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mjomba, maneno ya stoo hayana tarehe. Andika.” Nikaandika saa za ziada ambazo ndugu wa tajiri walilipwa na mimi sikulipwa, likizo niliyonyimwa mara mbili, na makato niliyokatwa kwa mifuko iliyopotea siku ambayo sikuwa zamu. Sikuandika lolote kuhusu nani ni shemeji wa nani, kwa sababu linalopimwa ni tendo alilotendewa mfanyakazi. Nilibaki na nakala iliyosainiwa kwamba barua imepokelewa.

Kuna muda pia wa kuangalia. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30. Anayekwenda kwanza nyumbani Kondoa au Mpwapwa kupumzisha akili kwa miezi miwili, akirudi itambidi aombe kuruhusiwa kufungua shauri nje ya muda na kueleza sababu ya kuchelewa. Aidha, aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6 hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo haki.

Dhana: Kuondoka ghafla ndiko kumkomesha tajiri.

Anayekomeshwa ni aliyeondoka. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na anayelipwa kwa siku au kwa wiki siku 4. Kama bado yuko katika mwezi wa kwanza wa kazi, ni siku 7. Asiyetaka kufanya kazi katika siku hizo za notisi anaweza kukatwa thamani yake kwenye malipo yake ya mwisho.

Dhana: Aliyeacha mwenyewe hana anachodai.

Anadai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, na cheti cha utumishi. Michango yake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haipotei, ingawa fao la upotevu wa ajira halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari yake.

Dhana: Anayelalamikia ndugu wa bosi ana wivu tu.

Mimi sikuwa na kinyongo na yule kijana, shemeji wa tajiri. Alikuwa akija kuniuliza kwa adabu jinsi ya kuhesabu nondo na kuandika hati ya kutolea mzigo, na nilimfundisha, kwa sababu naye hakuwahi kuulizwa kama kazi ile anaijua. Barua yangu ilileta malipo ya saa za ziada, lakini funguo hazikurudi, nami nikatoa notisi. Siku ya mwisho tulihesabu mali yote ya stoo pamoja, tajiri akiwa amesimama mlangoni, nikamkabidhi kijana daftari, tukasaini wote watatu.