Umeenda nje kusomea elimu ya awali? Namna ya kuizoea jamii mpya bila kujiumiza

Kuna jambo naliona sana kwa wanafunzi wanaotoka nchi nyingine kuja kusomea malezi na elimu ya awali. Asubuhi yuko darasani anaandika noti jinsi ya kumpokea mtoto anayeanza kituo cha kulelea watoto, kwamba usimharakishe, mpe mtu mmoja wa kumzoea, akilia usimwambie nyamaza, muache aangalie kwanza, halafu jioni mtu huyo huyo anarudi chumbani kwake anajilaumu kwa nini mpaka saizi hana marafiki, kwa nini akiongea anababaika, kwa nini machozi yanamtoka hata hajui ya nini, na hapo hata mwezi haujaisha tangu afike. Yaani huruma yote tunayomfundisha kuwapa watoto hajibakizii hata kidogo.

Kazi yangu ni kuwaandaa wanafunzi kwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo kwenye vituo vya watoto, na kuwafuatilia wakiwa huko kwahiyo nitaongea zaidi kwa upande huo. Na ninachotaka kusema ni kwamba yale unayosoma kuhusu mtoto anayeingia mahali pageni yanakuhusu na wewe, yachukue uyatumie.

Chukua mtoto wa miaka mitatu siku yake ya kwanza kituoni. Anafika mlangoni kashika nguo ya mama yake kwa mikono miwili, mlezi anayeijua kazi hamvuti, anachuchumaa wawe usawa mmoja, anamsalimia kwa jina lake, anamwonyesha ndoano ya kutundika begi ambayo imebandikwa picha yake. Mtoto anaingia lakini hachezi. Anasimama pembeni anaangalia wenzake wanapanga matofali ya mbao, na anaweza kuangalia hivyo asubuhi nzima. Mlezi mgeni wa kazi atasema huyu ana tatizo, ila aliyekaa na watoto muda mrefu anajua yule mtoto yuko kazini, anasoma nani anapiga wenzake, nani anagawa, ukitaka tofali unalichukua tu au unaomba kwanza, na mwalimu akipiga makofi maana yake nini. Siku yake ikifika anaokota tofali moja anaweka juu ya mengine, basi, kashaingia.

Na wewe ukikaa pembeni wiki za mwanzo ukiwa unaangalia watu wanavyosalimiana, wanavyopanga foleni, wanavyokataa jambo bila kusema hapana, hujapoteza muda. Unasoma mazingira.

Halafu kuna hili la mtu mmoja. Mtafiti Mary Ainsworth, ambaye jina lake utakutana nalo mwaka wa kwanza tu wa kozi, alifika Uganda 1954 akawa anatembelea familia kwenye vijiji vilivyo karibu na Kampala, anakaa na kina mama anaangalia watoto wao wachanga wanavyofanya. Kitabu cha utafiti huo kilitoka 1967. Alichokiona ni kwamba mtoto akishaanza kutambaa anamuacha mama anaenda kuchunguza vitu, anageuka kumtazama, anarudi, anaondoka tena, yaani kuwepo kwa mama ndo kunampa ujasiri wa kwenda mbali. Wazo lile likaja kuwa moja ya nguzo za fani yetu, na mimi naona limebeba ushauri mzuri kuliko mwingi wanaopewa wageni. Mgeni anaambiwa jichanganye, nenda kila shughuli, jiunge na kila klabu, anajitahidi mpaka anachoka na bado anajisikia mpweke, kwa sababu sura mia unazozijua kwa salamu tu hazikupi sehemu ya kurudia ukiwa umeumia. Tafuta mtu mmoja kwanza. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako aliyetangulia mwaka mmoja, mama mwenye nyumba, mtu wa kanisani au msikitini kwako, mkufunzi ambaye mlango wake uko wazi kweli. Ukishampata huyo mmoja wa kumwambia leo siku imekuwa mbaya, hao wengine utawafikia taratibu.

Kuhusu muda, watafiti wameandika mengi. Sverre Lysgaard wa Norway mwaka 1955 aliandika kuhusu wasomi wa kwao waliokwenda Marekani akasema hali yao ilianza vizuri, ikashuka, halafu ikapanda tena, na Kalervo Oberg mwaka 1960 akazieleza hatua zenyewe, kwamba mwanzo kila kitu kinakufurahisha, halafu kinakuja kipindi kila kitu kinakuudhi, ndo baadaye unaanza kuelewa na kuzoea. Wapo waliokuja baadaye wakapinga kwamba sio kila mtu anapita njia hiyo kwa mpangilio huo, na kweli mimi nimeona wanaoanza na huzuni moja kwa moja bila hata hiyo furaha ya mwanzo. Ila hiyo habari ya kushuka katikati ichukulie kwa uzito, maana kwa wanafunzi wetu mara nyingi inagongana na asaimenti za kwanza na kuanza fildi. Ninachowaomba ni usifanye uamuzi mkubwa ukiwa hapo chini. Kuacha kozi, kuhama chuo, kukata tiketi ya kurudi, hayo yaweke pembeni mpaka umeongea na mtu na umelala vizuri siku kadhaa.

Sasa lugha, maana hapa ndo wengi wanapoumia. Kwa watoto wanaoingia kituo chenye lugha tofauti na ya nyumbani tunajua kuna kipindi cha ukimya, mtoto anaweza kukaa wiki au hata miezi anaelewa lakini haongei, na tunawafundisha msimlazimishe. Mtu mzima hapewi nafasi hiyo, kesho yake tu anatakiwa atoe prezentesheni. Na hata kama lugha unaijua vizuri ya vitabuni, utashangaa kituoni hakuna anayeiongea hiyo. Umefaulu mtihani wa lugha, unaweza kueleza nadharia ya Piaget ya ukuaji wa akili ya mtoto kurasa 5, halafu mtoto wa miaka miwili anakuja mbele yako anarukaruka kabana miguu anakwambia neno ambalo hujawahi kulisikia maisha yako yote, unamwangalia, analirudia kwa sauti, na kabla hujamuita mwenzako akusaidie suruali imeshalowa. Lilikuwa neno la kitoto la haja ndogo, na kila nyumba ina la kwake. Kwahiyo siku ya kwanza fildi muulize mlezi mwenyeji maneno ya chooni, ya kulala, ya njaa, ya kuumia, ya mdoli ambao mtoto hawezi kulala bila huo, yaandike kwenye kijidaftari chako. Hayo ni ya haraka kuliko msamiati wa kitaaluma.

Njia nyingine ambayo naipenda sana ni nyimbo na vitabu vya picha. Kama mji uliopo una maktaba ya umma ulizia kama wana siku ya kuwasomea watoto hadithi, nyingi wanayo na haina malipo, omba ukae nyuma usikilize. Utajifunza jinsi sauti inavyopanda na kushuka, utajifunza nyimbo ambazo kila mtoto wa pale anazijua, na siku ukiwa kituoni watoto kumi wanapiga kelele wakati mmoja ukianzisha wimbo wanaoujua wote wanageuka. Azima vile vitabu vya picha usome chumbani kwa sauti bila aibu. Na mtoto akikurekebisha matamshi mshukuru, rudia alivyosema, kwake anakuwa ameona mtu mzima anajifunza na hilo lenyewe ni somo kubwa kwake.

Fildi kwa mtazamo wangu ndo mlango wenyewe wa kuingia kwenye jamii, kuliko hata darasani, kwa sababu darasani unakutana na wanafunzi ila kituoni unakutana na wazazi, mabibi, majirani, watu wenye maisha yao pale. Lakini ule mlango una makaratasi. Karibu kila sehemu wanataka uthibitisho kutoka polisi kwamba huna rekodi ya makosa, na mara nyingi wanataka kutoka kila nchi uliyokaa muda mrefu, sasa kuifuatilia ya nyumbani ukiwa mbali inaweza kuchukua muda mpaka wenzako wanaanza fildi wewe umekaa. Ianze kabla hujasafiri. Kadi ya chanjo nayo, vipimo vya afya, kozi ya huduma ya kwanza kwa watoto, ulizia mapema.

Ukishaingia utakuta mambo ambayo ulilelewa nayo tofauti kabisa. Kuna sehemu mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaachwa ajilishe mwenyewe anajipaka uso mzima na hakuna anayeingilia, kwako inaonekana kama kumtelekeza. Kuna sehemu mtoto anamwita mwalimu kwa jina lake tu, kuna sehemu wanalala nje kwenye baridi na ni kawaida. Kabla hujahukumu uliza, na uliza kwa namna ya kutaka kujua, naomba unieleze mnafanya hivi kwa sababu gani. Karibu kila mara nyuma yake kuna sababu waliyoifikiria, na usipokubaliana nayo angalau unajua unapingana na nini.

Ila kuna mambo ambayo hayana mjadala na lazima uyajue kabla ya siku ya kwanza. Adhabu ya viboko au kumfinya mtoto hata kidogo, usiguse kabisa, haijalishi wewe ulilelewaje. Sweden ilipiga marufuku kumpiga mtoto hata nyumbani tangu 1979, ikiwa nchi ya kwanza, na nchi nyingi zimefuata, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kifungu cha 19 unataka mtoto alindwe na ukatili wa aina zote. Picha ndo eneo ambalo nimeona wanafunzi wazuri wakiingia matatani bila nia mbaya, amefurahi siku yake ya kwanza, kapiga selfi na watoto, kaweka stetasi ya WhatsApp ili nyumbani waone, na pale ni kosa kubwa la kimaadili na linaweza kukutoa fildi. Simu iache kwenye begi. Na ukiona alama kwenye mwili wa mtoto au akikwambia jambo linalotia wasiwasi usianze kumhoji wala usimpigie mzazi, mwambie msimamizi wako siku ile ile, andika alichosema mtoto kwa maneno yake, na ujue sheria ya pale inakutaka kuripoti kwa nani.

Jamani, malezi uliyolelewa nayo hayajawa takataka kwa sababu umevuka mpaka. Mtaala wa elimu ya awali wa New Zealand uliotoka 1996 umeweka mtoto kujisikia ni wa mahali hapo kuwa moja ya mihimili yake mitano, na mwongozo wa Australia wa 2009 nao umejengwa juu ya wazo hilo hilo, sasa mtoto wa wahamiaji anayekuona wewe na lafudhi yako unaheshimiwa na walimu wenzako anapata kitu ambacho mlezi mwenyeji hawezi kumpa. Nyimbo za kwenu, michezo ya kwenu ya kukimbizana, namna mnavyombeba mtoto, omba nafasi uvilete. Lakini unaruhusiwa kukataa kugeuzwa maonyesho. Ukiona kila ukiitwa ni kuja kucheza ngoma tu na ukitoa maoni kuhusu ukuaji wa mtoto husikilizwi, mwambie mkufunzi wako anayefuatilia fildi, hiyo ni kazi yake.

Hapo hapo kwenye fildi kuna vituo vina upungufu wa watu na mwanafunzi anageuzwa mfanyakazi. Sheria za sehemu nyingi zinaweka idadi ya watoto kwa kila mlezi, na mwanafunzi hatakiwi kuachwa peke yake na kundi la watoto. Ukiachwa sema, na ukinyamaza kwa kuogopa kuonekana mgeni msumbufu, likitokea la kutokea utaulizwa wewe. Kazi ya kulipwa nayo ni hivyo hivyo, visa ya mwanafunzi kwa kawaida ina kikomo cha saa za kufanya kazi, kisome kwenye karatasi zako mwenyewe usitegemee grupu la WhatsApp. Na usitume pesa ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho.

Kupiga simu nyumbani ni vizuri, ila panga muda. Anayekaa kwenye vidio kolu na nyumbani kila jioni mpaka usiku wa manane mwili uko huku akili iko kule, kuzoea kunachelewa, na asubuhi watoto wanakuhitaji uwe macho. Lakini kama ni wiki mbili hulali, huli, hutaki kuonana na mtu, hiyo sio hamu ya nyumbani tu, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au daktari, bima yako ya afya iangalie inalipia nini. Na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri hata kesho, mpigie mtu sasa hivi au nenda hospitali iliyo karibu.

Kama fildi yako inaanza wiki ijayo, leo hii mwandikie msimamizi wa kituo ujumbe mfupi. Hauhitaji maneno makubwa. Jina lako unavyopenda liitwe na linavyotamkwa, kwamba lugha ya pale bado unaizoea na ungeomba wakuambie taratibu pale usipoelewa, umri wa watoto utakaokuwa nao, nguo na viatu vya kuvaa, nani umuone ukifika, na kama unaweza kupita kwa nusu saa kabla ya siku yenyewe uone mazingira watoto wakiwepo. Wengi wanakubali hiyo nusu saa, kwa sababu mtoto mpya naye wanampa.